Neno "sumu" wodini: kisa cha mgonjwa wa saratani ya ini kutoka ukanda wa chini wa Iringa

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, hasa wanaopokea kila siku watu wa "tumbo linauma". Jina la mgonjwa, kijiji chake na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa au kuyabadilisha. Familia imeridhia kisimuliwe. Nitamwita Baba Neema.

Usuli

Baba Neema alikuwa na miaka 41, mkulima wa mahindi na karanga katika ukanda wa chini wa Mkoa wa Iringa, kule ambako joto ni kali na mvua hukatika mapema. Alikuwa na mke na watoto wanne. Sigara hakuvuta. Pombe alikunywa kwa kiasi, komoni ya kilabuni siku ya mnada, basi.

Ni mtoto wa tatu kati ya saba. Kaka yake aliyemfuata kwa karibu alifariki miaka kadhaa nyuma, tumbo likiwa limejaa maji na macho ya manjano. Nyumbani walisema amerogwa kwa sababu ya shamba. Habari hii ya kaka tuliipata siku ya pili tangu alazwe kwetu, na ndiyo iliyopaswa kuulizwa miezi sita kabla.

Mwendo wa ugonjwa kabla hajafika kwetu

Maumivu yalianza juu ya kitovu, yakielekea kulia chini ya mbavu. Duka la dawa walimpa dawa ya kupunguza asidi. Akapata nafuu ya siku chache.

Mwezi wa pili alipimwa damu kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo, Helikobakta pailori. Kipimo kikasoma chanya, akapewa dawa za siku 14: amoksisilini, klarithromaisini na omeprazo. Alizimaliza zote, mgonjwa mwaminifu kweli. Maumivu yakabaki palepale. Mwezi wa tatu, mahali pengine, kipimo cha Widal kikasoma chanya, akatibiwa taifodi. Mwezi wa nne alirudi kwenye dawa za vidonda. Mwezi wa tano ndugu walimpeleka kwa mtaalamu wa mitishamba, akanywa mizizi kwa wiki tatu.

Katika safari zote hizo nilizoziona kwenye daftari lake, uzito uliandikwa mara mbili tu: kilo 68, na miezi minne baadaye kilo 60. Kilo nane zimepotea na hakuna aliyezitilia maanani. Na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkono wa mhudumu uligusa tumbo lake.

Siku aliyofika

Alikuja na kilo 57. Aliketi ameegemea upande wa kushoto, mkono wa kulia ameukandamiza kwenye mbavu kama mtu anayeshikilia kitu kisidondoke. Nilipomlaza na kumpapasa, ini lilikuwa limeshuka vidole vinne chini ya mbavu, gumu kama jiwe, lenye manundu. Hapo hapahitaji mashine kujua kwamba si vidonda vya tumbo.

Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha uvimbe wa sentimita 11 upande wa kulia wa ini, vivimbe vingine vidogo, damu iliyoganda ndani ya mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini, na maji tumboni. Kipimo cha homa ya ini B kilikuwa chanya. VVU hasi. Sampuli ya damu tuliyoituma kwenye maabara kubwa ilirudi na kiwango cha alfafetoprotini, protini ya damu ambayo mara nyingi hupanda kwenye saratani ya ini, kilichopita upeo wa mashine.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

La kwanza lilikuwa kama tukate kipande kidogo cha ini kwa sindano ili kipimwe. Hatukukata. Picha, virusi na alfafetoprotini vilitosha kutupa jibu, na kumchoma sindano mtu ambaye damu yake haigandi vizuri na tumbo lina maji ni kumtafutia balaa lingine.

La pili lilikuwa gumu zaidi: je, apelekwe Dar es Salaam? Ndugu walishakubaliana kuuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba. Nilimpigia daktari bingwa wa hospitali ya kanda, nikamsomea kila kitu. Alinijibu kwamba kwa mshipa ulioziba, ini lililochoka kiasi hicho na uvimbe uliosambaa, upasuaji haupo, na dawa za saratani zingemwongezea mateso kuliko siku. Nikakaa na Baba Neema mwenyewe kwanza, kisha kwa ruhusa yake na kaka yake mkubwa. Niliwaambia ukweli. Ng'ombe hawakuuzwa.

La tatu ni kumtuliza maumivu. Tulianza mofini ya kunywa, tukaongeza dawa ya kuzuia choo kigumu tangu siku hiyohiyo, tukapunguza maji ya tumbo. Usiku wa pili alilala. Asubuhi alinisalimia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akauliza kama mvua imenyesha kijijini.

Neno nililolisema

Kaka mkubwa aliniuliza korido ya wodi, wakiwepo shangazi na wadogo zake wawili: "Dakta, huu ugonjwa ameutoa wapi?"

Nilikuwa nimesimama, faili mkononi, wagonjwa wengine wananisubiri. Nikajibu hivi, nakumbuka kila neno: "Ana virusi vya homa ya ini vya muda mrefu. Na kuna uwezekano wa sumu, ile inayoingia kwenye chakula, kwenye karanga na mahindi." Nikaenda zangu kitanda cha pili.

Kitaalamu nilikuwa sahihi. Aina mbili za kuvu, Aspagilasi flavasi na Aspagilasi parasitikasi, hutengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini kwenye karanga na mahindi, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililoko Lyon, Ufaransa, limeiweka kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Lakini watu wanne waliosimama mbele yangu hawakusikia hayo. Walisikia kwamba daktari amesema ndugu yao ana sumu, na sumu iko kwenye chakula. Chakula cha Baba Neema kinapikwa na nani?

Siku ya tisa aliporudi kutolewa maji, alikuja na kaka yake peke yake. Nikauliza Mama Neema yuko wapi, maana awali hakubanduka kitandani. Kaka akatazama chini. Mgonjwa ndiye aliyejibu: "Wamemrudisha kwao, Dakta. Wanasema amenilisha."

Nilikaa chini. Sikuwa na la kumwambia kwa dakika nzima.

Ziara ya nyumbani

Jumamosi iliyofuata tulikwenda: mimi, mhudumu wa afya wa jamii anayetoka kijiji hicho, na afisa ugani wa kata. Tuliomba baba mkubwa awepo, na mwenyekiti wa kitongoji. Mhudumu wa afya alinipa ushauri njiani ambao nimeufanya kanuni: "Usianze kwa kumtetea mama. Anza na karanga."

Kwa hiyo baada ya kamwene na kuulizana hali, tukaomba watuletee karanga za nyumbani. Zikaletwa nusu debe, tukazimwaga kwenye mkeka. Bibi, mama mzazi wa mgonjwa, akakaa na kuanza kuchambua bila kuambiwa, vidole vyake vinakwenda vyenyewe: nzima huku, zilizosinyaa kule, zenye doa la kijani au weusi kule. Afisa ugani akauliza nzima zinakwenda wapi. "Mnadani," akajibu. Na hizi? "Hizi tunasaga, tunaungia mboga."

Akasimama kidogo. Kisha akasema, bila kumtazama mtu: "Ndizo nilizowalelea wote."

Watu walinyamaza. Hakuna aliyemtaja Mama Neema, na hakukuwa na haja. Kila mtu pale mkekani alikuwa amekula mboga ya karanga zile tangu ameota meno, miaka mingi kabla mke huyo hajaolewa katika nyumba ile.

Hapo ndipo afisa ugani alipopata masikio. Aliwaonyesha kipimo cha chupa: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, tia chumvi kavu vijiko vichache, tikisa vizuri, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu bado, yarudishwe juani. Ikianguka chini kavu, yanaweza kuingia ghalani. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ya kwao, yaliyokuwa kwenye viroba vilivyolazwa chini kwenye udongo, yaliganda chumvi chupa nzima.

Mimi nilisema machache. Kwamba ugonjwa huu ulianza kujengwa utotoni. Kwamba sumukuvu ni kitu kinachozalishwa na ukungu, na mkono wa mtu haumo. Kwamba kupika hakuiondoi, kwa kuwa inastahimili joto kubwa kuliko la chungu chochote cha nyumbani, wala huwezi kuitambua kwa kuonja.

Baba mkubwa aliuliza swali moja: "Kwa hiyo kosa ni la nani?" Nikamjibu kwamba ni la kwangu kwa jinsi nilivyolisema, na nikaomba radhi mbele ya wote. Mama Neema alifuatwa kwao siku mbili baadaye.

Matokeo

Baba Neema alifariki nyumbani wiki ya saba tangu tulipompima, mkewe akiwa naye. Mofini haikukosekana hata siku moja, na katika hilo namshukuru mhudumu wa afya aliyepanda baiskeli kila wiki kuifuata.

Tulipima watu kumi na mmoja wa familia. Bibi na ndugu wawili wa marehemu walikuwa na homa ya ini B. Mama Neema hakuwa nayo, akachanjwa dozi tatu. Watoto wote wamezaliwa baada ya mwaka 2002, mwaka ambao Tanzania iliingiza chanjo hiyo kwenye ratiba ya watoto wachanga, na kadi zao zilionyesha wamechanjwa. Wote hasi.

Safari hii majibu hatukuyatoa koridoni. Kila mtu aliitwa peke yake, akaketi. Kwa Bibi tulijua hatari iliyopo: virusi hivi mara nyingi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto au baina ya watoto wadogo, na mtu aliyetoka kumlaumu mkwe angeweza kumgeukia mama. Tukamweleza yeye tu, tukamwachia aamue nani ajue. Aliamua kuwaambia wanawe mwenyewe.

Uchambuzi

*Tulipoukosa ugonjwa.* Silaumu kituo chochote, maana nami nimewahi kufanya hivyohivyo. Kipimo cha damu cha Helikobakta huonyesha kwamba mtu aliwahi kukutana na bakteria huyo, na hubaki chanya miaka hata akitibiwa. Kwetu watu wazima wengi watasoma chanya. Widal ya mara moja nayo haithibitishi taifodi. Vipimo hivi viwili vikiwekwa mbele ya mtu mwenye maumivu ya tumbo vitatoa jibu karibu kila mara, na jibu hilo litamziba mdomo mhudumu asiulize zaidi. Yaliyohitajika hayakuwa ya gharama: mizani, mkono tumboni, na swali "nyumbani kuna aliyewahi kufa kwa ugonjwa wa tumbo au manjano?" Mtu mzima aliyemaliza dawa za vidonda bila nafuu, na anapungua uzito, asipewe duru ya pili kabla ya ultrasaundi na kipimo cha homa ya ini B.

Je, kuwahi kungemponya? Sitaki kudai hivyo. Uvimbe wa sentimita 11 haukuanza mwezi uliotangulia. Ila angeokoa fedha za miezi sita, na pengine angelala usingizi.

*Virusi na sumukuvu pamoja.* Hapa ndipo wenzangu wengi huteleza, wakichagua kimoja. Utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 18,000 wa Shanghai, China, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994, ulionyesha jambo la kutisha. Aliyekuwa na dalili za aflatoksini kwenye mkojo bila virusi alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi ya mtu asiye na chochote. Mwenye virusi pekee, mara 7. Mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Hatari hizo hazikujumlishwa, zilizidishana. Aflatoksini ikishabadilishwa na ini hujishikiza kwenye vinasaba vya chembe hai za ini, na mara nyingi huharibu sehemu mahususi ya jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia chembe zilizoharibika zisiendelee kuzaana. Virusi navyo huifanya chembe ya ini ife na kuzaliwa upya kila siku kwa miaka. Uharibifu unapata nafasi ya kurithiwa na chembe mpya.

Habari njema imo humohumo: ukikata mguu mmoja, kigoda hakisimami. Wilaya ya Qidong huko China ilihama kutoka ulaji wa mahindi kwenda mchele kuanzia miaka ya 1980, na vifo vya saratani ya ini vikashuka kwa zaidi ya nusu kwa vijana na watu wa makamo, ambao hata chanjo ya utotoni hawakuipata.

*Kwa nini hatukupima mahindi yao.* Mwenzangu mmoja alinilaumu kwa hili, na lawama yake ina uzito. Kipimo kilipatikana, na kikomo cha Tanzania kinajulikana: maikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, 5 kwa aina ya B1. Sababu zangu zilikuwa mbili. Sumukuvu haitapakai sawasawa. Bunzi moja bovu laweza kubeba sumu ya gunia zima, kwa hiyo konzi ya kwanza inaweza kusoma safi na ya pili ikasoma vibaya. Pili, karanga zilizomdhuru Baba Neema zililiwa miaka 20 au 30 iliyopita. Hata kipimo cha damu kinachotafuta aflatoksini iliyoshikamana na albumini, protini ya damu, huonyesha miezi miwili mitatu ya karibuni tu. Jibu safi lingewafariji bure. Jibu baya, wiki ile, lingekuwa ushahidi dhidi ya mwanamke asiye na hatia. Mwenzangu anasema tungerudi baada ya msiba tukapima kwa ajili ya watoto. Nakubaliana naye. Hatujarudi, na tunapaswa.

Kwa mantiki hiyohiyo, kwenye cheti sikuandika kwamba aflatoksini ilimuua. Niliandika saratani ya ini na homa ya ini B, maana hivyo ndivyo tulivyothibitisha.

*Neno lenyewe.* Sumukuvu ni jina zuri kwa mtaalamu, lakini masikioni mwa mtu aliyefiwa au anayekaribia kufiwa, "sumu" huja na mtu nyuma yake. Na mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua ghafla kwa sumukuvu, wagonjwa 68, wakafa 20; waliosikia habari zile walibaki na picha ya chakula kinachoua ndani ya siku. Ile ilikuwa dozi kubwa kwa muda mfupi. Yetu ni dozi ndogo kwa miaka. Usipotenganisha hayo mawili, msikilizaji atamtafuta aliyepika jana. Siku hizi naanza na "ukungu wa mazao", naeleza kwamba ugonjwa hujengeka kwa miaka mingi, nataja kwamba wote nyumbani mmekula, na jina sumukuvu nalitaja mwisho. Tena nikiwa nimeketi.

*Tofauti ya maeneo.* Msomaji wa Njombe au Makete asibebe kisa hiki kama kilivyo. Kuvu hizi hupenda joto na mazao yaliyoteswa na ukame. Kwenye baridi, mahindi yanayokauka taratibu hushambuliwa zaidi na kuvu ya Fuzariamu na sumu yake fumonisini. Kukausha na kuchambua ni kulekule. Ila karanga za mezani Njombe nyingi zimepanda gari kutoka bondeni.

Hali ilivyo sasa

Ndugu wawili na Bibi wanahudhuria kliniki, na kila miezi sita wanapigwa ultrasaundi. Viroba vya mahindi vimepanda juu ya chaga. Mama Neema alikuja mwezi wa saba, baada ya mavuno, akaniletea debe la karanga nzima, nyeupe, safi. Nilipomshukuru akaniambia zilizosinyaa amezifukia shimoni kama alivyoelekezwa, hata kuku hakuwapa. Zilijaa karai moja na nusu.

Kisha akaniuliza, kwa upole tu, maana anataka kujua: "Sasa Dakta, nzima nauza nipate ada ya Neema. Mbovu nimefukia. Hawa watoto mboga yao niunge na nini?"

Nimelipeleka swali lake kwa afisa ugani. Tunahesabu naye: debe ngapi abakize nyumbani kati ya nzima, na fedha ya ada itakayopungua itoke wapi.